Kondo Ana Akili, Anaumwa

Kibuta, Kisarawe
11 Januari 1976

Mwanangu Mbaraka,

Pokea marahaba. Shikamoo yako sijaipata tangu Idd, lakini naitikia mapema, nisije nikafa nikasingiziwa kiburi.

Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linajiona ndilo mwenyekiti wa kijiji, likikataa hakuna kinachofanyika. Mihogo ipo. Ngedere nao wapo, wao hakuna aliyewahamisha. Mwishehe, balozi wetu wa nyumba kumi, ameoa tena, na bibi harusi amekwisha kumtoroka mara mbili. Nasikia baba yako huko Mlandizi ameng'oa jino. Mwambie kaka Hemedi kwamba dada yake anampa pole, na kwamba lile lililobaki alitunze la kuchekea.

Sasa tazama mwandiko huu, na usicheke. Ni wangu. Miaka yote hiyo ukipokea barua zangu, ulikuwa unasoma mkono wa binamu yako Kondo, mimi nikitamka na yeye akiandika, na chini kabisa akichomeka matusi yake kwako bila idhini yangu. Mwaka jana nimefuzu hatua ya nne ya elimu ya watu wazima, sihitaji karani tena. Kondo hajambo. Yuko shamba. Anakusalimu.

Kuhusu Idd sikuulizi. Ulifika saa nne na kanzu yako iliyopigwa pasi, ukapita moja kwa moja uani kumtafuta mwenzio mkatukanane kama desturi yenu. Mimi nikapakua pilau. Kutoka na sahani, hakuna Mbaraka. Hukuaga, hukunawa hata mkono. Pilau yako ililiwa na kuku wa Mwishehe, na nakwambia kuku yule alinenepa.

Swaumu wa duka la kijiji anasema umepata kazi mpya Kibaha, ya kuwapima watu akili. Nimemwambia amesikia vibaya. Mbaraka ninayemjua mimi alipanda mkorosho kufukuza nyuki kwa ufagio, akashuka na uso wa mtu mwingine.

Mimi shangazi yako,
Mwanajuma binti Pazi


Tangini, Kibaha
2 Februari 1976

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya Idd, na ya mwaka mpya. Barua yako imenifurahisha sana, hasa mwandiko, ambao Biasha mke wangu anasema umenyooka kuliko wangu. Sisi hatujambo. Mtoto anaota meno na nyumba nzima hailali. Baba anasema jino lililobaki halikuhusu.

Swaumu hakusikia vibaya. Nimeteuliwa mhamasishaji katika Kampeni ya Afya ya Akili. Shangazi, hili ni jambo kubwa. Wananchi wengi wanateseka kwa maradhi ya akili, na jamii kwa kutokujua inawaficha, inawafunga kamba, inawacheka. Sisi tunakwenda kijiji hadi kijiji kwa Landrova na kipaza sauti. Tunaanza kwa kuamsha ari: mhamasishaji anasema "Akili!" na wananchi wanajibu "Nzima!" Mara tatu. Kisha tunafundisha kwamba mgonjwa asiitwe mwehu wala kichaa, aitwe mgonjwa wa akili, asitaniwe, na watu wazungumze naye kwa sauti ya upole. Mwisho balozi anapewa fomu ya kuwataja wagonjwa walioko katika nyumba zake. Nimekuwekea moja humu uione, nimeshiriki kuiandika.

Kibuta imo katika ratiba. Kwa bahati mbaya upande wa Kisarawe atakuja mwenzangu Adamu, mimi nimepangiwa Soga na Mlandizi.

Siku ya Idd ni lori, Shangazi. Dereva alipiga honi, na ungejua shida ya usafiri siku zile usingenilaumu.

Naona safari hii chini ya barua hakuna tusi. Mwambie Kondo asije akadhani nimesahau.

Mwanao,
Mbaraka Hemedi


Kibuta
29 Machi 1976

Mwanangu Mbaraka,

Marahaba zote tatu. Barua yako imechukua wiki saba. Ungempa mtu akaja nayo kwa miguu ingefika siku ya pili, tena yeye angekula kwangu. Mwambie Biasha meno ya mtoto hayana dawa, ni kuvumilia kelele tu, kama nilivyomvumilia marehemu mume wangu.

Kampeni yenu imefika, Jumatano ya wiki iliyopita. Adamu wako ni kijana mzuri, ana meno mazuri. Akasimama juu ya Landrova akapiga kelele, "Akili!" Nani anajua ajibu nini? Mzee mmoja nyuma akajibu "Na kazi!" kwa mazoea ya kuitikia "Uhuru!" Ndipo tukafundishwa kusema "Nzima!" Tukasema nzima, nzima, mpaka mbuzi wakaanza kuitikia.

Mmekosea neno, mwanangu. Huku kwetu akili ni ya hesabu. Anayenunua jogoo anayekufa kesho yake hana akili. Anayefeli hana akili. Na sisi mwaka jana tumetoka kupimwa kusoma na kuandika, basi watu wakaambiana kwamba huu ndio mtihani wa pili, na atakayeshindwa anarudishwa hatua ya kwanza akaanze a, e, i, o, u. Kabla Adamu hajashuka kutoka juu ya gari, nusu ya kijiji walikuwa wamekimbilia mahame, kule tulikokaa kabla ya kuhamia huku. Waliobaki walikuwa wanakariri jedwali la tatu.

Halafu Mwishehe akapewa fomu yenu. Umeandika: Je, katika nyumba zako kumi kuna watu wenye matatizo ya akili? Taja jina na dalili. Mbaraka, sijapata kumwona Mwishehe na furaha ile tangu harusi yake ya kwanza. Alikaa barazani siku mbili. Nyumba zake kumi zina watu hamsini na wawili pamoja na vichanga. Ameandika arobaini na mmoja. Mama mkwe wake yumo, dalili: maswali. Swaumu yumo, dalili: husema sukari hakuna huku amekaa juu ya gunia. Mke mpya yumo, dalili: mbio. Mimi nimo, dalili: mdomo. Nilisoma mwenyewe kwa macho yangu, na hii ndiyo faida ya kwanza niliyoipata kwa kusoma.

Nikalitafuta jina la Kondo. Nikatafuta mara mbili. Halimo.

Sasa nikwambie, maana nimechoka kumtuma shamba kila barua. Kondo hayuko shamba. Anaumwa, Mbaraka. Ilianza baada ya kuhamia huku. Unajua alikuwa anawaandikia watu wote barua. Siku moja akaanza kuandika zake. Nikafikiri ana mchumba, nikamnunulia na stempu. Kumbe anaiandikia mikorosho yetu ya kule mahame. Anaiuliza hali, anaiambia ivumilie, anaiahidi tutarudi kuipalilia. Barua nzuri, nilisomewa moja nikalia. Kisha akaacha kuandika. Kisha, kabla ya Idd ile, akaacha kusema. Anakaa uani akitazama ukuta. Ukimpa chakula anakula kidogo, usipompa haombi. Siku ya kampeni nilimfungia jikoni kwa kufuli, kwa hofu kwamba Landrova imekuja kuwabeba wagonjwa.

Ile fomu ilinikera. Nikamfuata Mwishehe nikamwuliza, kijiji kizima umetuandika, mbona mwanangu umemwacha? Akanitazama kama vile mimi ndiye nimekosa. Akasema, "Kondo ana akili, bibi. Kondo anaumwa."

Basi habari ndiyo hiyo. Wewe ndiye mwenye Landrova na kipaza sauti. Niambie nifanyeje.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Tangini, Kibaha
6 Mei 1976

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Meno mawili yametoka. Mvua imeharibu barabara ya kwenda Soga na Landrova imelala gereji.

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa makini. Kwanza kabisa napenda kukupongeza, kwani Kibuta imekuwa ya kwanza miongoni mwa vijiji vyote kwa idadi ya wagonjwa waliotambuliwa. Taarifa imesomwa mkutanoni na watu walipiga makofi. Kwa ajili hiyo nakuomba usimweleze mtu mwingine namna orodha ile ilivyoandikwa.

Kuhusu suala la Kondo, ushauri wa kitaalamu ni kwamba mgonjwa asifungiwe, asitaniwe, watu wazungumze naye kwa upole, na familia itoe ushirikiano kwa zahanati iliyo karibu. Nimeweka kijitabu humu. Ukurasa wa sita una picha.

Ningependa kuja mwenyewe lakini ratiba haijaruhusu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mbaraka Hemedi


Kibuta
20 Juni 1976

Mbaraka,

Marahaba. Goti bovu, mihogo imechimbwa, kijiji hakijambo. Salamu zimekwisha.

Mimi nakuuliza habari za mwanangu, wewe unaniandikia "suala la Kondo". Nimemzaa suala? Na ukurasa wa sita nimeutazama. Kuna mtu ameshika kichwa. Hata mimi nikisoma barua zako nakishika hivyo hivyo.

Nikueleze kampeni yenu imefanya nini. Zamani Kondo akikaa uani, watu walipita wakamchokoza. Mwishehe alimwambia, "We Kondo, ukuta huo unakudai nini?" Swaumu alimwita bwana harusi wa mikorosho. Hakujibu, lakini mdomo ulicheza pembeni, niliuona. Sasa kijiji kizima kimeshika mafundisho. Hakuna anayemtania. Wanapita wameinamisha vichwa, wanasema kwa sauti nyembamba, "Kondo, hujambo ndugu yetu? Pole sana. Mungu atakusaidia." Wanamletea uji. Wanawake wanajifunga kanga kichwani kabla ya kuingia. Mwishehe, yule Mwishehe mwenye mdomo wa tarumbeta, juzi alimshika mkono akakaa naye kimya nusu saa nzima, akaguna, akaondoka.

Walipokwisha kwenda wote, Kondo akanigeukia. Miezi yote ile sijaisikia sauti yake. Akaniuliza, "Mama, nimekufa lini?"

Umesikia, mhamasishaji? Anadhani ni matanga yake. Na mimi simlaumu, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kupika kama wa msibani. Tangu siku hiyo hajasema tena na sasa chakula anakisukuma.

Nisiseme uongo, moja mmelifanya. Pale zahanati yuko muuguzi anaitwa Stellamaris, mtu wa bara, mwenye mikono mikubwa, hana maneno mengi. Anasema kabla ya ile Landrova hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza habari ya ugonjwa huu, na baada yake wamekuja watatu. Amenieleza dawa ipo, hospitali Kisarawe, ila daktari lazima amwone mgonjwa kwanza. Tumejaribu kumpeleka mara mbili. Tulimzunguka kwa upole wenu wa kijitabu, na yeye akaikumbatia nguzo ya baraza hata ukucha ukang'oka. Mtu aliyekwisha kufa unampeleka hospitali kufanya nini? Unampeleka kaburini tu. Ndivyo anavyofikiri.

Stellamaris anasema asipokula mpaka mwezi ujao, haitakuwa tena kazi ya akili, itakuwa kazi ya jembe.

Sasa nitakwambia tusiloambiana. Hakukuwa na lori siku ya Idd. Tangu alfajiri jicho langu lilikuwa njiani nikiwangoja wageni, hata baiskeli haikupita. Ulimwona Kondo ukakimbia. Na ratiba ya kampeni, Adamu kijana wa watu hajui kuficha, aliniambia ni wewe uliyeipanga.

Hapa kijijini hakuna anayeweza kumtukana Kondo tena, nyinyi mmewafunga midomo. Wewe ni binamu yake, mtani wake wa kuzaliwa. Hiyo haikuletwa na Landrova na haiondolewi na kijitabu. Njoo umtukane.

Mwanajuma


Tangini, Kibaha
25 Julai 1976

Shangazi,

Shikamoo.

Hii ni barua ya tano kuianza. Nne za kwanza zilikuwa na maneno kama "kwa mujibu wa", Biasha akazitia jikoni akawashia moto.

Hakukuwa na lori. Nilitembea mpaka Kisarawe na kanzu ya Idd, nikalala msikitini.

Nilimkuta amesimama jua kali, ameupa uso ukuta. Nikamwambia nilichozoea kumwambia, kwamba nimekuja kuona kama bado ni mbaya wa sura. Akageuka. Nikangoja tusi langu. Unajua Kondo alivyokuwa, tusi lake linakufikia kabla hajafika yeye. Akanitazama kwa adabu, akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo."

Shangazi, tumezaliwa mwaka mmoja. Mimi na yeye hatujaamkiana vizuri hata siku moja tangu tuanze kusema. Na mimi nikaitikia. Sijui kwa nini. Nikasema marahaba, kama mtu mzima anayepita njia, nikapita njia kweli.

Kazi hii niliiomba wiki mbili baadaye. Nimesimama juu ya Landrova katika vijiji thelathini na kitu nikiwaambia watu wasiwakimbie wagonjwa wao, na watu wananisikiliza, wengine wanalia. Ninasema vizuri sana. Ratiba ya Kisarawe niliipanga mimi, na Kibuta nilimpa Adamu kwa mkono wangu mwenyewe, nikajiambia ni kwa ajili ya usawa wa kazi.

Naogopa, sitakuficha. Naogopa atanipa shikamoo nyingine. Lakini nakuja, tarehe nane Agosti, na safari hii usipakue kitu mpaka uone nimekaa.

Mbaraka


Kibuta
12 Septemba 1976

Mwanangu Mbaraka,

Marahaba, tena ndefu. Tumo kwenye mfungo. Mimi nafunga, goti halifungi. Hapa jirani, mke wa Mwishehe amerudi, safari hii kwa hiari yake, anasema huko alikokimbilia kuna mabalozi wabaya zaidi. Kanga uliyoniletea nimeivaa mara moja, watu wameniuliza nimeolewa na nani.

Mkono huu unaouona si wangu. Mimi natamka tu.

(Mkono unatetemeka kwa sababu ya vidonge. Ukicheka, na wewe utavimeza. Mwandishi.)

Unasema unaandika taarifa ya mwisho ya kampeni na mkubwa wako anataka kujua kama imesaidia vijijini au haikusaidia. Kwanza nikukumbushe siku ile ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ulikuwa unapayuka na huenda hukusikia vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ulinipita bila hata hodi, uso umekuwa wa majivu. Ukasimama mbele ya mwanangu, na kwa sauti ile ya kipaza sauti ukamwambia, "Nimesikia umekufa. Nimekuja kuchukua baiskeli yako."

Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Swaumu alishika mdomo. Mwishehe akasema astaghafirullah, kwamba mtu wa serikali amevunja mafundisho ya serikali. Mimi niliuma kanga. Kondo alikutazama muda mrefu. Mbaraka, mimi nimezaa watoto sita na nimezika wanne, lakini muda mrefu kama ule sijauona.

Kisha akasema, "Haina breki. Ipande, ufe wewe."

Nikakaa chini palepale jikoni, goti likaniruhusu lenyewe. Nilisikia ukilia. Usikatae.

(Alilia. Alilia mpaka kamasi. Mwandishi alimpa kanzu yake ajifutie na mpaka leo haijatakata.)

Mengine unayajua, kwamba mlikwenda Kisarawe na basi la Maneromango mkitukanana njia nzima hata kondakta akataka kuwashusha, na kwamba hospitali hukumwachia mkono mpaka daktari akauliza ni yupi kati yenu mgonjwa. Usiyoyajua ni ya baadaye. Vidonge vinamlaza sana. Wiki ya kwanza alilala mpaka nikawa naweka kioo puani kwake. Ziko siku anarudi kwenye ukuta wake na hasemi, na siku hizo namwacha naendelea na kazi zangu nikimsema vibaya kwa sauti ya kutosha. Hajapona. Anakula. Juzi alikwenda mpaka mahame kwa miguu, akarudi jioni na korosho mfukoni. Nilimwuliza mikorosho inasemaje, akasema mama, miti haisemi, unaumwa?

Sasa taarifa yako. Waandikie kwamba neno lao lilikuwa baya, fomu yao mbaya, na ule upole wao ulikaribia kumzika mwanangu mzima mzima. Waandikie kwamba balozi mmoja wa Kibuta anajua tofauti ya kukosa akili na kuumwa kuliko ofisi nzima, ingawa hajui tofauti ya mtu mmoja na watu arobaini na mmoja. Lakini waandikie pia kwamba Stellamaris sasa anao watu sita. Mmoja ni Mwishehe mwenyewe, ambaye hajalala vizuri tangu tuhamie huku na hakuwahi kumwambia mtu, alikuwa akihesabu makuti ya paa mpaka asubuhi. Alikwenda mchana kweupe, akapita katikati ya kijiji, na alipoulizwa anakwenda wapi akajibu, "Naumwa akili," kama mtu anayesema anaumwa tumbo. Na watu wakamwambia tumeshajua siku nyingi, nenda salama. Mwaka jana asingethubutu.

Na waandikie kwamba bila Landrova yao wewe usingekuwa na cha kujificha nyuma yake, na mimi nisingekuwa na cha kukung'olea. Hilo kama haliingii kwenye taarifa, lako mwenyewe.

Idd ni wiki mbili. Njoo na Biasha na mtoto na meno yake. Kuku wa Mwishehe nimekwisha kumwonya.

Shangazi yako,
Mwanajuma binti Pazi

Mwandishi anaongeza, mama amekwenda kuchota maji:

Ile fomu uliyomtumia mama Februari ilikuwa bado tupu, nimeona ni uharibifu wa karatasi ya serikali. Nimeijaza, iko humu ndani. Jina la mgonjwa: Mbaraka Hemedi wa Tangini. Dalili: hukimbia ndugu zake. Alianza lini: Idd. Tiba aliyopewa: ametukanwa. Hali yake sasa: anaendelea vizuri, lakini asiachwe peke yake.

Na ile shikamoo uliyoondoka nayo siku ile, irudishe. Haikuwa yako.

Kondo